Kununua pikapu: swali la "bajeti ikoje boss" na mengine ya kujua kabla hujatoa hela

Ukiingia yadi yoyote ya magari Dar, kabla hata hujamaliza kusalimia utaulizwa "boss wangu, bajeti ikoje?" na wengi wetu tunajibu palepale kama tumeulizwa jina. Ukishataja milioni 55 basi, kuanzia dakika hiyo hakuna gari ya milioni 48 kwenye ile yadi hata kama asubuhi ilikuwepo. Mi nilitaja. Ilikuwa pikapu yangu ya kwanza, Toyota Hilux Vigo nyeupe, dabo kebini (ya safu mbili za viti), na miezi minne baadae dalali aliyenipeleka akaniambia huku anacheka kwamba mwenye mali alikuwa anataka 47 tu mkononi. Ile nane ilikuwa cha juu, waligawana watatu.

Tangu hapo nimenunua nyingine mbili, moja ya mkononi na moja mpya kabisa kwa wakala, na nimemsindikiza shemeji yangu na jamaa wawili tunaofanya nao mchele Ifakara, so haya ninayoandika nimeyalipia ada. Mambo ya kodi na karatasi ni ya Tanzania, mengine popote yanakufaa.

Anza na mzigo

Kabla hujabishana Hilux au Ranger au D-Max, kaa chini uandike unabeba nini, mara ngapi kwa wiki, na unapita barabara gani. Watu wanasema wanataka pikapu ya kazi alafu wanarudi na dabo kebini yenye viti vya ngozi maana mama watoto naye lazima akae, hakuna ubaya, ila ujue unacholipia. Dabo kebini bodi yake ya nyuma ni fupi, singo kebini ni ndefu, na pikapu nyingi za saizi ya Hilux uwezo wake ni kama tani moja hivi, yaani gunia kumi za kilo mia, na hapo sijasema lumbesa. Kama wewe ni wa gunia ishirini kila safari hiyo sio kazi ya pikapu, tafuta Canter uache kuua springi. Na kama unasambaza soda na maji ya chupa Mbagala hadi Kongowe, kirikuu inakutosha kabisa, ile Suzuki Carry ya cc 660, kwa karatasi za kwao Japani mzigo wake ni kilo 350 ingawa sote tunajua inavyobebeshwa matofali huku.

Fowili nayo, yaani gari ya kuvuta tairi zote nne. Kama maisha yako ni lami na moramu ya kawaida, gari ya kuvuta tairi mbili ni bei nafuu, nyepesi, na ina vitu vichache vya kuharibika. Mi naenda Malinyi, masika kule tope linakushika mpaka mlangoni, hapo sina ubishi nachukua fowili. Ila usilipie fowili kwa sababu ya msiba mmoja wa kijijini kila mwaka, siku hiyo panda basi.

Ukishajua mzigo ndo unachagua soko. Kuna mpya ya wakala, kuna ya yadi iliyotoka nje imetumika, na kuna ya mkononi ambayo imeshatembea hapa hapa bongo. Kila soko lina uongo wake.

Uongo wa yadi

Wa kwanza ni namba. "Boss hii namba E", yaani herufi za kibao chake zinaanza na E, zile za karibuni. Namba ya gari inakuambia gari imesajiliwa lini Tanzania, haikuambii imetengenezwa lini, so Hilux ya 2006 iliyoshuka bandarini juzi itavaa namba E, na ya 2014 iliyokuja nchini mpya itavaa namba za nyuma huko, na utakuta mtu anaiacha hii ya pili anakimbilia ile ya kwanza kwa sababu ya herufi. Wenzetu wa Kenya mtego huu hauwasumbui sana maana gari iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingia kwao.

Wa pili naupenda zaidi maana unamnasa muuzaji mwenyewe. Toyota waliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004, wakairudisha 2017. Sasa Vigo ni Hilux ya kizazi kile cha 2004 mpaka 2015, maana yake Vigo haikuwahi kuuzwa kwa Wajapani kabisa. Muuzaji akikuambia hii Vigo ya 2009 imetoka Japani moja kwa moja, alikuwa anaendesha mzee mmoja kwendea sokoni, jua huyo mzee hayupo. Za usukani wa kulia nyingi zinatoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini na Australia, na ni gari nzuri tu, ila kila nchi ina ugonjwa wake na ndo maana lazima ujue imetoka wapi. Ya Uingereza lala chini uchungulie, kule wakati wa baridi barabara zinamwagwa chumvi, unakuta bodi juu inang'aa na chesisi chini inabanduka kama mandazi ya juzi. Ya Thailand kumbuka mafuriko yao makubwa ya 2011, inua kapeti, angalia reli za viti na bolti zake, alafu vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, sehemu ile ambayo siku zote inabaki imejikunja ndani. Gari iliyolala majini utaona mstari wa tope pale.

Na ukiwa umeshika huo mkanda, shuka nao mpaka chini kabisa, kuna kilebo kimeshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa. Wanaorudisha nyuma kilometa wanabadilisha vingi, wanapaka dashibodi mafuta, wanaweka kava mpya za viti, ila mkanda hakuna anayeukumbuka. Mi nilikuta gari inauzwa kama ya 2012, mikanda yote miwili ya mbele imeandikwa 2007. Nikamuonyesha kijana wa yadi, akakaa kimya kidogo alafu akasema "hiyo mikanda ilibadilishwa boss". Ilibadilishwa ikawekwa ya zamani?

Kagua ikiwa imelala

Hapa usiwe na haraka kabisa, punguzo utakaloomba baadae linatoka hapa.

Mwambie muuzaji utafika saa tano, alafu fika saa tatu na nusu. Gari ya dizeli mbovu ukiikuta imeshawashwa na kupashwa inakuwa na tabia nzuri kama mtoto mbele ya wageni, unachotaka ni kuikuta baridi. Fika, salimia, weka kiganja juu ya boneti kabla ya maneno mengine. Ikiwa ya moto uliza kwa nini, na omba urudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi washa mwenyewe uku mtu wako amesimama nyuma ya ekzosi. Moshi mweupe kidogo unaoisha sio kesi, wa bluu ni oil inaungua, mweusi unaoendelea mara nyingi ni nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya engine) au hewa haiingii vizuri. Engine ikiwa inaunguruma legeza kifuniko cha kujazia oil ukiache kimekaa tu juu bila kukikaza, kikitetemeka poa, kikirushwa na moshi ukapuliza kama sufuria ya maharage basi hiyo engine inapumua, aga uondoke, usianze hata kuulizia bei.

Vigo ya 3.0 D-4D, engine ya 1KD, nozeli zake zinajulikana kwa kusumbua. Ikiwa ya baridi inagonga kavu kama mtu anapiga kopo kwa kijiko, wanakuambia dizeli ndo zilivyo. Sio hivyo. Nenda ukaulize bei ya nozeli nne kabla hujanunua, utakaa chini mwenyewe.

Tairi zina tarakimu nne zimegongwa pembeni kwenye kialama kama yai, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno ya tairi yanaweza kuwa marefu na tairi yenyewe imeshazeeka. Angalia raba za pedeli, klachi ikiwa imelika mpaka chuma na dashibodi inasema kilometa 60,000, chagua unamuamini nani. Ile plastiki inayotandikwa kwenye bodi ya nyuma ifunue, watasema imebana, wewe ifunue tu, kutu na mabati ya kuchomelea yanajificha hapo. Springi za nyuma zikiwa zimeongezwa mapande ujue ilikuwa inabebeshwa sana, uliza ilikuwa inabeba nini. Nondo na kokoto sio sawa na nyanya.

Namba ya chesisi kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi upande wa kulia usawa wa tairi la mbele. Beba kitambaa, sugua tope, soma kwa macho yako na linganisha na kadi tarakimu moja moja, usikubali kusomewa.

Alafu iendeshe, na usiishie kuzunguka yadi. Ingiza fowili, ingiza na ile lo (gia ya nguvu, mwendo mdogo), tembea mita kadhaa kwenye vumbi usikilize difu (gia za kwenye ekseli), rudi nyuma ukikata kona yote. Kilima chochote kipande na gia kubwa, klachi iliyoisha itajitaja yenyewe, engine inapiga kelele na gari haiongezeki.

Kuhusu fundi: nenda na wako, mlipe wewe, na kabla hamjatoka mwambie wazi kwamba utamlipa hela ile ile mkinunua na msiponunua. Hili nilijifunza kwa uchungu. Fundi niliyemuahidi "tukinunua nitakukumbuka" kila gari kwake ilikuwa "sio mbaya hii kaka", na kumbe na yeye ana cha juu chake kwa dalali. Nilipoanza kumlipa elfu hamsini ya kukagua tu, siku ya kwanza aliua magari matatu kabla ya saa sita mchana.

Kuongea bei na yadi

Matangazo yote yanasema "bei maongezi yapo". Sasa maongezi ni kazi, yana maandalizi.

Ukiulizwa bajeti, jibu kwa swali: "Niambie kwanza hizi zinaanzia ngapi." Akikomaa mwambie bajeti inategemea gari. Usiende na gari ya kifahari ya kuazima, usiende na mtu atakayesema "aaah hii kali hii chukua", mke wangu nampenda ila pikapu ya kwanza alisema hivyo nikiwa nimefungua mdomo kuomba punguzo, na yule kijana wa yadi alimletea maji ya kunywa hapo hapo.

Pili, usiombe punguzo hewani. "Punguza kidogo boss" inapata jibu la "toa ngapi?" na mnaanza mchezo ambao yeye anaucheza kila siku, wewe mara moja kwa miaka saba. Chukua orodha ya fundi, nenda Gerezani Kariakoo au piga simu, andika bei ya kila kitu. Mi kwenye ile ya pili nilirudi na karatasi: tairi nne, shokapu mbili za nyuma, kioo cha mbele kina ufa, bushi, jumla ilikuja milioni mbili na laki tatu. Nikamuwekea mezani. Akasema shokapu ni nzima, nikamwambia sawa twende ukanionyeshe, akasema haina haja. Karatasi mtu anashindwa kubishana nayo vizuri, maneno yako anayazoea.

Ukishataja namba yako nyamaza. Hii ni ngumu kwa sisi watu wa pwani, kimya kinatuchoma tunaanza kujaza wenyewe, "lakini kama vipi naweza ongeza laki tano". Usijaze. Angalia simu, kunywa maji.

Na lazima utaletewa mtu wa Mwanza. Kila gari bongo ina mtu wa Mwanza ambaye ametuma advansi na anakuja kesho asubuhi. Jibu langu siku hizi ni moja, "akimaliza kulipa hongera zake, asipomaliza una namba yangu", naondoka kweli, sigeuki getini. Mara mbili nimepigiwa simu kabla ya magharibi. Mara moja sikupigiwa, gari ikaondoka kweli, na sikufa.

Dalali sio adui, nisieleweke vibaya, anajua magari ambayo hayajatangazwa. Shida ni pale bei inapopita kwake. Kubalianeni mapema utampa kiasi gani, kwa mkono wako, mbele ya mwenye gari, na bei utaongea wewe na mwenye gari mkiwa mmekaa. Akikataa ukutane na mwenye mali hata kwa simu, jibu umeshapata.

Kama unaagiza mwenyewe toka nje, kabla ya kulipa hata dola moja ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA (mamlaka ya mapato) uone kodi ya gari hiyo hiyo, mwaka huo huo. Usitumie ile kanuni ya mtaani ya kuzidisha bei ya gari mara mbili. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei ambayo imeshajumlishwa na huo ushuru, na kuna nyingine kutegemea gari na umri wake, na TRA wana thamani zao, invoisi yako ya bei ya kutupa haiwashawishi.

Kwa wakala, gari mpya

Huku ni dunia nyingine, kuna kiyoyozi na kahawa, na watu wengi wanadhani huku hakuna maongezi. Yapo ila hayaitwi punguzo.

Kwanza, siku ya kwanza usinunue, chukua profoma (karatasi ya bei) tu. Zunguka wengine, Barabara ya Nyerere peke yake unaweza kumaliza wauzaji kadhaa kwa siku moja na jua halijazama, na kila mmoja mpe maelezo yale yale: singo au dabo, fowili au hapana, gia za mkono au oto, engine gani. Profoma mbili za gari tofauti hazilinganishiki, na wao wanajua. Kwenye kila profoma tafuta bei kabla ya VAT na baada ya VAT (wengine kwenye simu wanakutajia ile ya kabla, ukifika VAT inakusubiri mlangoni), usajili na namba vimo au havimo, bima, gari ipo stoku au inaagizwa na inafika lini, waranti ni miaka mingapi au kilometa ngapi kwa kinachotangulia kufika, sevisi ngapi za bure, na tarehe ambayo hiyo bei inakufa. Bei iwe kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kutaja bei na kudai malipo kwa dola kwa vitu vinavyouzwa ndani ya nchi, so anayekupa profoma ya dola na kusema utalipa kwa reti ya siku hiyo mkumbushe kwa upole. Na kama kwenye mchanganuo kuna ile rodi laisensi ya kila mwaka, uliza ni ya nini, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta.

Alafu linganisha mstari mmoja tu: hela yote itakayonitoka mpaka gari iko barabarani. Muuzaji mzuri atakuhamisha hamisha, mara punguzo, mara malipo ya mwezi, mara bei ya gari yako ya zamani anayoichukua, na ukimfuata anakupa laki nane huku anachukua milioni mbili kule. Gari ya zamani iongelee mwisho kabisa, ikiwezekana iuze mwenyewe pembeni.

Dada aliyenihudumia kwenye ile mpya alikuwa mpole sana. Nilipoomba punguzo akasema, "Kaka yangu, bei ni ya mfumo, mi mwenyewe siwezi kuigusa." Nikamwambia sawa dada, mfumo tuuache, nani anaweza kusaini kitu cha nje ya mfumo? Akacheka, akasema meneja. Nikamuomba anisaidie kupeleka kwa meneja vitu vinne tu: ngao ya mbele, ndoano ya kuvutia, plastiki ya bodi na sevisi tatu. Nikamwachia na nakala ya profoma ya mwingine, bila kusema kwa ukali, nikamwambia mi napenda hii yenu ila hawa wenzenu wananivuta. Ilikuwa tarehe 27. Wauzaji wana malengo ya mwezi na ya robo mwaka, tarehe 27 mtu aliyebakiza gari moja sio sawa na mtu yule yule tarehe 4. Akarudi na vitatu, ngao wakagoma. Nikashukuru, nikasema nitafikiria, nikaaga. Kesho yake saa nne akapiga, ngao imekubali ila nilipe ndani ya siku tatu. Bei ya mfumo haikupungua hata mia, lakini kwa bei za Gerezani nilitoka na vitu vya kama milioni tatu na ushee.

Uliza pia kama wana gari iliyobaki ya mwaka jana wa kutengenezwa. Wanaitamani iondoke kuliko wewe unavyotamani kuinunua, na kwa pikapu ya kubebea mchele mwaka mmoja kwenye karatasi hauna madhara ila siku ya kuuza, na kwa hiyo punguzo lake lazima liwe la kueleweka, sio laki tano. Na kama mko wawili watatu mnaotaka, nendeni pamoja. Jamaa zangu wa Ifakara walinunua mbili kwa jina la kampuni yao, wakapewa masharti ambayo mi peke yangu niliambiwa hayapo.

Mkopo

Ukiambiwa riba ni asilimia 10, uliza swali moja, ya flati au ya salio linalopungua? Chukua milioni 60 kwa miaka mitatu. Flati maana yake kila mwaka unatozwa milioni 6 hata kama umeshalipa nusu ya deni, jumla riba milioni 18, mwezi unalipa kama 2,167,000. Salio linalopungua kwa hiyo hiyo asilimia 10, mwezi ni kama 1,936,000 na riba yote inakuja karibu milioni 9.7. Asilimia ni ile ile, tofauti zaidi ya milioni nane. Juu yake kuna ada ya kushughulikia mkopo na bima kubwa ambayo benki wanailazimisha, viandikwe vyote kabla hujasaini. Na sentensi ya "wewe mwezi unaweza ngapi?" ni ndugu yake na "bajeti ikoje", usiijibu.

Hela na karatasi

Hela iende kwenye akaunti ya kampuni, sio namba ya simu ya muuzaji, hata kama anakuonyesha kitambulisho. Advansi iandikiwe kwamba inarudi kama gari itakutwa na tatizo au ikichelewa kupita tarehe fulani. Dai risiti ya EFD (ile mashine ya kodi) yenye kiasi ulicholipa kweli. Utaambiwa "bila risiti tunakushushia", sasa wakianza kukataa kwamba waliwahi kukuuzia gari, utawaonyesha nini?

Kwa ya mkononi omba kadi halisi uishike, ikiwa "iko benki" basi gari ni ya benki. Jina kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako, na kama ni la marehemu au la kaka yake aliyeko Oman, simama mpaka karatasi za msimamizi wa mirathi au idhini ya kisheria zionekane. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, inachukua dakika moja, nilikuta gari ina faini za laki saba na mwenye nayo anasema haidaiwi hata mia. Mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, na kubadilisha jina TRA usisubiri, maana jamaa akipata kesi huko na gari ina jina lake, utaenda kuitafuta kituoni.

Siku ya kuchukua

Gari mpya usikabidhiwe usiku wala kwenye mvua. Mvua inaficha mikwaruzo yote, nilikabidhiwa jioni ya mawingu nikagundua mstari kwenye mlango kesho yake nikiwa nimeshasaini. Zunguka taratibu na fomu yao mkononi, angalia kilometa, tairi zote tano ziwe za umri mmoja, jeki na spana zake zipo (kwenye pikapu nyingi zimejificha nyuma au chini ya kiti, uonyeshwe zinatokaje), spea tairi jaribu kuishusha kwa ule mnyororo wake pale pale, sio siku ya pancha Mikumi saa mbili usiku na tembo wako ng'ambo ya barabara. Vile vitu ulivyoongea na meneja viwepo vimefungwa, wakisema "ndoano itakuja wiki ijayo" gari nayo ije wiki ijayo.

Na funguo ni mbili. Ya pili huwa inasahaulika kwenye droo ya mtu fulani ambaye siku hiyo yupo likizo.